Nitaingia kwa Geti Kubwa

Kiegeani, Mafia
Alhamisi, baada ya Magharibi

Mwanangu Rukia,

Mwalimu wetu wa Kiswahili hapendi barua inayozungukazunguka. Anasema mwandishi ataje kwanza kilichomkalisha kitako, mengine yatafuata. Basi naapa kukwambia yote katika barua hii, na lile uliloniomba nisilitaje ndilo nitakaloanza nalo.

Jumanne tulipokuwa tunakunja nguo zako ulinishika mkono ukasema, "Mama, ukija kunitembelea, usije kule hospitali. Fikia kwa Shangazi, mimi nitakuja kukuona huko." Nikakuuliza kwa nini. Ukasema kule kuna kelele. Mimi nimelala katika hospitali ile, Rukia. Kelele zake nazijua. Nikanyamaza, nikaendelea kukunja, nawe ukadhani nimekubali.

Sikukubali.

Kabla hujaanza kutafuta makosa ya mwandiko, jua kwamba haya nimeyaandika kwa uangalifu. Tangu nirudi kwenye masomo ya jioni, nakaa dawati moja na wasichana ninaoweza kuwa nimewazaa. Nikipita na mkoba wangu watu wananiita Denti. "Denti, leo mmefundishwa nini?" Nawajibu tumefundishwa kutojibu wasiosoma, nao wanacheka, nami napita. Niliachia darasa la saba kwa sababu waliotaka niache walikuwa wengi na aliyetaka niendelee nilikuwa mimi tu. Sasa niko kidato cha pili, na wale wengi bado wapo. Wamezeeka kidogo.

Sitakwambia ule vizuri, wala ufunge mlango, wala usali kwa wakati. Umeishi chuoni miaka yote hiyo, na kama hayo hukuyashika huko, karatasi hii haitakushikisha.

Nirudi Jumapili. Ulikuwa jikoni Baba yako Mkubwa alipokuja barazani, ukayasikia yote kupitia ukutani. Mimi niliyasikia nikiwa nimekaa mbele yake.

"Shemeji," alianza, kahawa yenyewe haijapoa, "hivi kazi zimekwisha duniani?"

"Kazi zipo tele, shemeji."

"Sasa mtoto kasoma mpaka chuo kikuu, mnampeleka akakae na vichaa?"

"Hapelekwi, anakwenda. Anakwenda kuwa mtarajali. Mwanasaikolojia wa hospitali hamalizi kujifunza kwa vitabu. Lazima akae na wagonjwa wenyewe, na mkubwa wake awe karibu akimwangalia."

"Si akafundishe shule hapa Kilindoni? Aolewe, tupumzike. Watu wananiuliza. Maana mtu akikaa sana na wale, naye huwa..." Akanywa kahawa.

"Huwa nini?"

"Basi."

"Malizia, shemeji. Huwa kama nani?"

"Mimi sijasema neno."

"Hujasema, umelimeza. Liteme, usije ukapaliwa."

Bi Tatu wa nyumba ya pili, aliyekuwa amesimama kwenye kichochoro akijifanya anatafuta kuku wake, alicheka mpaka akashika nguzo yetu. Baba yako alikuwa anashona wavu. Hakuinua uso. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Mtoto anaondoka Ijumaa," na mkutano ukaishia hapo.

Nililala nimeridhika siku ile. Nimebishana na watu wa ukoo huu tangu nikiwa bi harusi, na mara chache nimeondoka na ushindi uliokamilika namna ile. Halafu Jumanne wewe ukaja ukaniambia maneno yale yale ya Baba Mkubwa, ila wewe uliyafunga ndani ya upole. Yeye nilimjibu papo hapo. Wewe nimehitaji siku mbili na kalamu.

Najua aibu yako ilianzia wapi. Ulikuwa darasa la kwanza nilipougua mara ya pili. Nilikuwa nimeacha dawa, kwa sababu nilijiona mzima, na kwa sababu wanawake wenzangu kwenye mwani walisema vidonge vile hukausha damu. Maji yalipotoka siku moja nilishuka pwani nikafungua kamba za mwani za watu, zangu na za wenzangu, shamba zima, nikiamini nawafungulia wafungwa. Nakumbuka furaha niliyokuwa nayo. Hiyo hakuna anayeniuliza. Wote huniuliza kama niliogopa. Nilikuwa na furaha, Rukia, furaha kubwa kuliko niliyowahi kuipata nikiwa na akili zangu, na ukikutana na mgonjwa anayekataa dawa usifikiri ni mjinga. Huenda kuna kitu anajua kitaondoka pamoja na ugonjwa, na hakuna aliyemuuliza ni kitu gani.

Wenye mwani walinisamehe kabla watoto wao hawajanyamaza. Shuleni walikuimbia, "Rukia, kamfunge mama yako kamba!" Ukarudi na shati limechanika bega. Ukasema umeanguka. Nililishona lile shati nikijua kwamba mtu haanguki kwa bega moja mara tatu katika wiki. Sikukuuliza. Nilidhani nikinyamaza nakusitiri. Kumbe ndivyo nilivyokufundisha kwamba hili ni jambo la kunyamaziwa, na Jumanne ukanirudishia somo langu mwenyewe. Kwa hiyo sasa nasema.

Ile mara ya kwanza umeisikia vipande vipande, tena kwa watu wasiokuwepo. Isikilize kwa aliyekuwepo.

Kabla yako nilizaa, nikazika. Mara ngapi sitaandika, maana kwetu watoto hatuwahesabu, walio hai wala waliotangulia. Ulipozaliwa wewe, nyanya yako hakukubali mambo yaende kama zamani. Alikubeba asubuhi kwenye ungo wa kupepetea akakuweka pale jaani nyuma ya nyumba, juu ya majivu na vifuu vya nazi. Bi Tatu, siku hizo kijana, akapita akasema kwa sauti, "Jamani, kuna kitu kimetupwa hapa, nikiokote?" Nyanya yako akamjibu, "Okota, sisi hatukitaki." Bi Tatu akakuzungusha mpaka mlango wa mbele akakurudisha ndani, na tangu hapo ukaitwa Jaa. Jina la Rukia lilikaa kwa baba yako na kwa Mwenyezi Mungu mpaka ulipojua kukimbia. Hakuna aliyekusifia. Mgeni akija kukutazama anasema, "Mbaya huyo!" nami najibu, "Mbaya, chukua ukamtupe," naye anasema, "Nipe basi," na wote tunatabasamu, na wewe unabaki. Hivyo ndivyo mtoto aliyesubiriwa sana anavyopendwa kwetu. Kifo kikipita kisione kitu cha kutamani.

Arobaini haikufika vizuri. Usingizi ulinikimbia. Nikaanza kuona kwamba kuna watu wanatoka baharini kukufuata, nikakupandisha darini nikakufukia kwenye nazi ili wasikuone. Baba yako ndiye aliyekusikia ukilia. Walinifukiza, wakanisomea, nikazidi. Mwishowe wakanivusha bara. Tulifika na kiguo nilichovaa, na kwenye mikono yangu alama za kamba ya boti, maana walilazimika.

Shangazi yako alikupokea. Dawa zilinipa usingizi, na usingizi ulinirudishia watu wangu mmoja mmoja. Kwanza nilimjua baba yako, halafu nyanya yako, halafu nikakumbuka kwamba nina mtoto na maziwa yamenijaa. Nikaomba niletewe. Wakasema utaletwa kwanza kwa muda mfupi, muuguzi akiwa karibu, lakini kuna mtu atazungumza nami kabla.

Alikuja kijana wa bara, mrefu, ana shati jeupe na kola inamkaba. Alikuwa mtarajali, kama utakavyokuwa wewe kuanzia wiki ijayo. Alinisalimia vizuri. Akaniuliza mtoto wangu anaitwa nani.

"Jaa."

"Jaa? Hili la kutupia taka?"

"Hilo hilo."

"Na unamwonaje mtoto wako, mama?"

"Mbaya. Hana hata sura. Mimi simtaki, mwenye kumtaka amchukue."

Nikatabasamu nikimngoja aseme, "Nipe basi mimi." Hakusema. Aliinamia karatasi zake, akaandika, akanishukuru, akaondoka. Nikasema moyoni, huyu kijana hakulelewa.

Hukuletwa. Nikauliza kesho yake, muuguzi akasema, "Bado, mama." Bado nini? Bado tu. Nilifunga matiti kwa kanga. Siku iliyofuata nilipiga kelele, nikasema mmeniibia mtoto, nikapiga mlango kwa ngumi. Mtu mzima mwenye akili zake akinyimwa mtoto atapiga mlango, lakini aliyelazwa mle akiupiga wanasema bado anaumwa. Hilo nenda nalo. Kila nilichokifanya kilikuwa na jina la ugonjwa likikingoja. Nikinyamaza, nimejitenga. Nikisema, nimechangamka kupita kiasi. Nikisali sana, wanaandika. Nikiacha kusali, wanaandika.

Yaliyotokea upande wa pili nilihadithiwa baadaye na yule kijana mwenyewe. Kila mtarajali alikuwa na msimamizi, na ilikuwa lazima amsomee msimamizi wake maneno ya mgonjwa yalivyotoka, bila kuyapamba. Wake alikuwa mama mmoja mfupi, ana miwani ya kamba shingoni. Kijana akamsomea: simtaki, mwenye kumtaka amchukue. Akaeleza alivyoelewa: mama amemkataa mtoto, mtoto hayuko salama kwake. Yule mama hakumwambia amekosea. Alimuuliza, "Alipokuwa anasema hivyo, uso wake ulikuwaje?"

Kijana akafikiri. "Alikuwa anatabasamu."

"Ukamuuliza anatabasamia nini?"

"Hapana. Niliandika kwamba tabasamu halilingani na maneno."

"Basi umeandika swali ukaliita jibu. Rudi."

Akarudi. Alinikuta nimekaa chini, mgongo ukutani, sitaki kumwona. Alisimama kidogo, kisha naye akakaa chini na shati lake jeupe.

"Mama, juzi ulitabasamu. Nilipaswa kukuuliza, sikuuliza. Kwenu mtoto mchanga mtu humsemaje?"

"Kwenu ninyi humsemaje?"

"Sisi tunasema, mtoto mzuri, mashallah amenenepa."

"Na anaishi?"

"Anaishi."

"Basi mna bahati. Mimi wangu nimewasifia. Wako udongoni."

Hakuandika. Halafu nikamweleza lile jaa, na Bi Tatu, na mlango wa mbele. Nikamwambia pia juu ya nazi za darini, kwamba ule ulikuwa ugonjwa, sikatai, na kwamba hili la jina si ugonjwa, na kwamba haya mawili asiyachanganye kwa sababu tu yametoka katika mdomo mmoja. Alisikiliza yote. Akanyanyuka. Alipofika mlangoni akageuka.

"Mama Jaa."

"Naam."

"Nimemwona mtoto wako jana. Shangazi yake alikuwa naye pale nje."

"Ehee?"

"Mbaya sana."

Moyo wangu uliruka. Nikamuuliza, "Mbaya kama nini?"

Masikini, hakuwa na methali za pwani. Alitazama dari, akatazama viatu vyake. "Kama... kama kiazi kilichooza."

Nilicheka, Rukia. Wodi nzima iligeuka. Mwanamke wa kitanda cha pili, ambaye hakuwahi kusema neno tangu niingie, akauliza, "Nani kaoza?" nikacheka tena. Ulikuwa ni mwaka mzima sijacheka. Na jioni ile ulikuja, kiazi changu, ukanyonya mpaka ukasinzia, na muuguzi aliyekuwa karibu akageuka dirishani kutuachia nafasi.

Wewe sasa unakwenda kuvaa lile shati jeupe. Utakosea. Usipokosea wiki ya kwanza, utakosea ya pili, maana watakaokaa mbele yako wametoka kila pembe ya nchi hii na kila mmoja ana jaa lake nyuma ya nyumba. Kukosea kwa yule kijana hakukuniumiza kama ambavyo ningeumia asingerudi. Alirudi kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumwuliza, na kwa sababu alikuwa tayari kuulizwa. Kwa hiyo ukipelekwa kwa msimamizi wako na maneno ya mgonjwa, usimpelekee yale uliyoyasafisha. Mpelekee na uso. Siku utakapoona aibu kumsomea, hiyo ndiyo siku ya kumsomea.

Na usiniambie kwamba wewe ni mtoto wa pwani kwa hiyo hutakosea kama yeye. Wewe ni mtoto niliyemzaa, niliyemlaza jaani, na Jumanne ulinitazama usoni ukaona ugonjwa.

Hili limeniuma. Sikulifuta, ingawa mwalimu anasema tuyafute maneno tuliyoandika kwa hasira na kuyatazama tena asubuhi. Asubuhi utakuwa umeondoka.

Unaogopa kwamba watarajali wenzako watajua. Watajua nini? Kwamba mtu aliyelala kwenye vitanda vile anarudi nyumbani, anafunga mwani, anameza kidonge chake kila jioni mbele ya mumewe bila kujificha, anasomesha mtoto kwa mwani ule, halafu anarudi darasani na kupata alama za juu katika insha? Wakijua hayo watapoteza nini? Wagonjwa wenu wangeyajua wangepoteza nini? Mimi nilipokuwa mle sikuwahi kumwona mtu mmoja aliyepona akarudi kusalimia. Wanaopona hupotea. Wakiulizwa, wanakuwa watu waliolazwa kwa presha. Ndiyo maana tuliobaki tulidhani hakuna anayepona.

Kwa hiyo nakuja. Sikuombi ruhusa. Shule yetu ikifunga Desemba nitavuka bara, na sitafikia kwa Shangazi kwanza kuoshwa na kupambwa. Nitashuka pale pale barabarani, na mkoba wangu wa shule, na kanga ile ya kijani, nikaingie kwa geti kubwa. Mara ya kwanza nilipitishwa geti lile nimeshikwa huku na huku. Nataka nilipite kwa miguu yangu nione lina upana gani.

Mlinzi ataniuliza nimekuja kwa nani. Nitasema nimekuja kwa mtarajali Rukia. Utaitwa. Utatoka kwenye wodi, shati jeupe, labda na wenzako wawili watatu, labda na msimamizi wako. Nitakuwa nimesimama kwenye jua pale, na ukinitazama tu nitajua.

Baba yako anasema barua hii nisiitie kwenye begi, itakuliza ndani ya boti mbele ya watu. Nimeitia. Hakuna ubaya watu wakiona mtu analia. Nimeiweka chini ya kashata alizokuletea Bi Tatu, ambaye leo alikuja mlangoni akakutazama ulivyokua, akasema, "Mbaya huyu, hata kuokota sikupaswa," na wewe ukacheka. Nilikuona ulivyocheka. Hilo ndilo lililonipa nguvu ya kukaa na kuandika, maana mtu anayecheka namna ile bado anajua alikotoka.

Nijibu kwa barua, si kwa simu. Kwenye simu utaniambia mtandao unakatika. Kaa mahali penye utulivu, ufikiri, uandike kwa mkono wako, umpe mtu wa boti aniletee. Nina swali moja tu, na mpaka sasa sijui utalijibu vipi.

Siku hiyo ukifika getini, wenzako wamesimama nyuma yako, na mmoja akakuuliza, "Huyu mama ni nani?", utawajibu nini?

Mama yako